Shahada ya Uhandisi wa Ndege Inakufikisha Wapi?

Mtu anaweza kuwa na shahada ya kwanza, ya uzamili na ya uzamivu katika uhandisi wa ndege, na bado asiruhusiwe kuweka saini moja: ile inayothibitisha kwamba ndege iliyotoka kwenye matengenezo iko sawa kubeba abiria. Saini hiyo ni ya mwenye leseni, na mwenye leseni huyo pengine hakuwahi kusoma chuo kikuu. Alichukua diploma, akashika spana miaka kadhaa chini ya macho ya waliomtangulia, akafanya mitihani inayotambuliwa na mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi yake, akafaulu. Saa tisa usiku, ndege ikiwa na safari ya alfajiri na meneja akipiga simu kila mara kuuliza imefikia wapi, neno la mwisho ni la fundi huyo. Akikataa kusaini, ndege haiondoki.

Wanaofanya kazi kwenye mahanga wanalijua hili tangu wiki ya kwanza. Wasiolijua ndio wanaolihitaji zaidi: kijana wa PCM (fizikia, kemia na hisabati) anayejaza maombi ya chuo baada ya kidato cha sita, mwenzake wa Kenya anayepanga machaguo yake baada ya KCSE, na wazazi walio tayari kuuza kiwanja ili mtoto akasome "uinjinia wa ndege" China au India. Wote wanaamini kwamba shahada yenye jina la ndege ndiyo mlango wa kuifikia ndege. Kwa Afrika Mashariki ya leo imani hiyo ni kweli nusu, na ile nusu nyingine huwagharimu watu miaka na fedha.

Ukiangalia kazi zenyewe utakuta makundi matatu. Kuna wanaobuni na kuunda ndege. Kuna wanaoihudumia: kuikagua, kubadilisha vipuri, kutafuta hitilafu, kuandika walichofanya na kusaini. Halafu kuna kundi la katikati lisiloonekana na abiria wala na magazeti, la watu wa ofisini wanaoamua ndege iingie karakana lini, injini ipi ishushwe kabla haijaharibika, mzigo gani ubebwe siku ya joto, na kumbukumbu zipi zionyeshwe kwa mkaguzi. Shahada ya uhandisi wa ndege ilitungwa kwa ajili ya kundi la kwanza. Inalifaa sana kundi la tatu. Kwa kundi la pili, ambalo ndilo lenye nafasi nyingi zaidi kwetu, inasaidia lakini haitoshi.

Mitaala ya shahada hii inafanana karibu dunia nzima. Miaka miwili ya mwanzo ni hisabati, fizikia, mekanika, umeme na uchoraji wa kihandisi, karibu yaleyale anayosoma mhandisi wa mitambo. Kisha huja masomo yenyewe: jinsi hewa inavyopita juu na chini ya bawa, jinsi muundo mwepesi unavyobeba mzigo mkubwa bila kuvunjika, jinsi injini ya jeti inavyogeuza mafuta kuwa msukumo, jinsi ndege inavyojirudisha sawa ikiyumbishwa na upepo, na jinsi kompyuta inavyoshiriki kuiongoza. Ni shahada ngumu, na ugumu wake una sababu, maana kosa la mbunifu wa ndege kwa kawaida halijitokezi siku ya kwanza.

Entebbe ina nafasi yake katika historia ya makosa hayo. Tarehe 2 Mei 1952 ndege ya shirika la BOAC aina ya de Havilland Comet iliondoka London kwenda Johannesburg. Ilikuwa safari ya kwanza duniani ya jeti kubeba abiria wa nauli kwa ratiba ya kawaida, na njiani ilitua Entebbe, kati ya Khartoum na Livingstone. Ndege hiyohiyo, iliyosajiliwa kwa herufi G-ALYP, ilivunjika angani karibu na kisiwa cha Elba Januari 1954 na kuua watu wote 35 waliokuwamo. Aprili mwaka huohuo Comet nyingine ikaangukia baharini kusini mwa Italia. Wachunguzi wa Uingereza, pale Farnborough, walichukua Comet ya tatu wakaizamisha bodi yake kwenye tangi kubwa la maji, wakawa wanapandisha na kushusha shinikizo ndani yake mara maelfu, kana kwamba inapaa na kutua kila siku, hadi ikapasuka. Chanzo kilikuwa uchovu wa metali: nyufa ndogo zilizoanzia kwenye kona za matundu yaliyokatwa kwenye ganda la ndege na kukua kidogokidogo kila ilipopanda na kushuka. Madirisha ya ndege za abiria yana kona za mviringo hadi leo, na hesabu za uchovu huo zimo katika kila mtaala wa uhandisi wa ndege.

Mfano wa pili uko karibu nasi zaidi na bado unauma. Tarehe 10 Machi 2019 Boeing 737 MAX 8 ya Ethiopian Airlines iliyokuwa ikienda Nairobi ilianguka dakika chache baada ya kuruka kutoka Addis Ababa. Walikufa watu 157, Wakenya wakiwa 32, idadi kubwa kuliko ya taifa lingine lolote. Oktoba 2018 ndege ya aina hiyohiyo ya Lion Air ilikuwa imeua 189 nchini Indonesia. Zote mbili zilikuwa na programu iitwayo MCAS, iliyosukuma pua ya ndege chini kila ilipoamini kwamba pua imeinuka kupita kiasi. Programu hiyo ilitegemea taarifa ya kihisio kimoja tu, ingawa ndege ilikuwa na viwili. Kile kimoja kilipotoa taarifa ya uongo, hakuna kingine kilichoulizwa. Uamuzi huo ulifanyika kwenye meza za wabunifu na za wale walioidhinisha kazi yao, mbali sana na hanga lolote la Addis Ababa. Ndege za aina hiyo ziliruhusiwa kurudi angani baada ya programu kubadilishwa ili ilinganishe vihisio vyote viwili, na Tanzania ilipokea 737 MAX yake ya kwanza Oktoba 2023.

Nimekaa kwenye mifano hii kwa sababu ndiyo inayoonyesha shahada hii inamtayarisha mtu kwa kazi gani. Anayevutiwa na maswali ya namna hiyo, kwa nini ganda lilipasuka, kwa nini programu ilimwamini shahidi mmoja, ana sababu ya kweli ya kuisoma. Anayevutiwa na ndege kwa kuwa inapendeza ikitua atachoka ifikapo muhula wa tatu.

Shida ni kwamba meza hizo za wabunifu ziko mbali. Ziko Toulouse na Hamburg kwa Airbus, Seattle na miji ya jirani kwa Boeing, Montreal, São José dos Campos kwa Embraer, na Shanghai kwa COMAC ya China. Afrika Mashariki haibuni ndege ya abiria. Morogoro kuna kampuni ya Airplanes Africa Limited inayounganisha ndege ndogo za Skyleader, na ni jambo la kutia moyo, lakini hesabu za bawa la ndege hizo zilifanyika Ulaya kabla vipande havijafika Tanzania. Mhitimu anayetaka kubuni lazima awe tayari kuhama, na kuhama kwenyewe kuna kizuizi ambacho matangazo ya vyuo hayakitaji. Marekani ina sheria za kudhibiti usafirishaji wa teknolojia ya kijeshi na ya anga za juu. Kwa sheria hizo, kazi nyingi za roketi, setilaiti na ndege za kivita hupewa raia wa Marekani, wenye ukaazi wa kudumu au wakimbizi waliokubaliwa kisheria. NASA huajiri raia wa Marekani. Kijana wa Mbeya au Kisumu mwenye picha ya roketi ukutani hana budi kulijua hilo akiwa na miaka 18, kabla hajafikisha 26 na shahada mbili mkononi. Ndege za kiraia zina milango iliyo wazi zaidi, hasa Ulaya na Kanada, nako mwajiri anataka shahada ya uzamili, lugha na kibali cha kazi.

Leseni ya matengenezo nayo ina njia yake. Msingi wake ni Kiambatisho cha 1 cha Mkataba wa Chicago wa 1944, mkataba ulioliunda Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO. Kinataka mwombaji awe ametimiza miaka 18, awe na uzoefu wa miaka minne wa kukagua na kutengeneza ndege, au miwili ikiwa amemaliza mafunzo yaliyoidhinishwa, na afaulu mitihani. Kila nchi huongeza masharti yake juu ya hayo. Ulaya imegawa leseni kwa madaraja: A ni ya kazi ndogondogo za uwanjani, B1 ni ya injini na mitambo, B2 ni ya umeme na elektroniki za ndege, C ni ya kuiachia ndege nzima baada ya matengenezo makubwa. Alama ya kufaulu kila somo ni asilimia 75, kwa hiyo waliozoea kupita chuoni kwa 40 hukutana na ulimwengu mwingine. Ni daraja la C peke yake ambapo shahada hufupisha safari: mwenye shahada ya kiufundi anaweza kuliomba baada ya uzoefu wa miaka mitatu kwenye matengenezo ya ndege za kiraia. Kwetu, Kenya, Tanzania, Uganda na wenzao katika Jumuiya wamekuwa wakioanisha kanuni zao kupitia CASSOA, wakala wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa usalama wa anga wenye makao yake Entebbe.

Leseni ikishapatikana kuna hatua nyingine juu yake. Fundi mwenye leseni ya injini za jeti haiachii ndege yoyote aionayo. Hupelekwa kozi ya aina mahususi ya ndege, Dash 8 au A220 au Boeing 787, na idhini ya aina hiyo huongezwa kwake. Kozi hizo ni ghali, kwa hiyo shirika linapomlipia fundi humfunga kwa mkataba wa kulitumikia miaka fulani. Ndiyo maana fundi mwenye idhini za ndege zinazotumika Ghuba hutafutwa na karakana za Dubai, Abu Dhabi na Doha, na ndiyo maana mashirika yetu hulalamika kwamba yanasomesha kwa ajili ya wengine. Ukweli ni kwamba soko la leseni limevuka mipaka kwa wepesi ambao soko la shahada halijaufikia.

Mahali pa kuanzia njia hiyo pako. Soroti, Uganda, kuna chuo cha usafiri wa anga kilichoanzishwa 1971 na Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki, na kilipona Jumuiya ilipokufa. Embakasi, Nairobi, kuna East African School of Aviation iliyo chini ya mamlaka ya anga ya Kenya. Dar es Salaam kuna Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, NIT, ambacho miaka ya karibuni kimejengwa kuwa kituo cha kikanda cha mafunzo ya anga kwa mradi wa Benki ya Dunia. Addis Ababa kuna chuo cha Ethiopian Airlines kinachopokea wanafunzi kutoka pembe nyingi za Afrika, na faida yake kubwa ni hanga lililo jirani na darasa. Kwa upande wa shahada, Technical University of Kenya na Chuo Kikuu cha Kenyatta ni miongoni mwa vyuo vinavyofundisha uhandisi wa ndege au wa anga katika ngazi ya shahada.

Swali la kuuliza chuo chochote kati ya hivi, na hasa vile binafsi vinavyochipuka mijini, ni moja tu: kozi hii mahususi imeidhinishwa na mamlaka ya usafiri wa anga, au imeidhinishwa na tume ya vyuo peke yake? Idhini ya tume ya vyuo inaifanya shahada iwe halali. Idhini ya mamlaka ya anga ndiyo inayofanya muda uliosoma uhesabiwe kwenye leseni. Chuo kinaweza kuwa na ya kwanza bila kuwa na ya pili, na mwanafunzi akagundua hilo siku anapopeleka vyeti vyake kuomba mtihani.

Turudi kwenye lile kundi la ofisini, kwa sababu nadhani ndilo linalodharauliwa isivyostahili. Mwishoni mwa 2022 Air Tanzania ililazimika kuegesha baadhi ya Airbus A220 zake kwa matatizo ya injini za Pratt & Whitney. Haikuwa peke yake. AirBaltic ya Latvia na wengine wenye ndege hizo walipatwa na yaleyale, na karakana chache duniani zenye uwezo wa kuzifungua injini hizo zilikuwa na foleni ndefu. Mwaka 2025 Kenya Airways nayo ikaegesha baadhi ya Boeing 787 Dreamliner zake ikisubiri injini na vipuri. Mitaani watu walisema ndege zimeharibika. Ndani ya shirika maswali yalikuwa mengine: injini ipi itafikia kikomo chake lini, ipi ishushwe sasa ili mbili zisiende karakana mwezi mmoja, injini ya akiba ikodishwe wapi na kwa masharti gani, mtengenezaji adaiwe nini.

Maswali hayo hujibiwa kwa takwimu, na takwimu hizo hukusanywa na mhandisi anayefuatilia afya ya injini kila safari. Anatazama joto la gesi inayotoka, matumizi ya oili, mtetemo. Injini inavyozeeka, joto hilo hukaribia ukomo wake taratibu, na vumbi na joto la viwanja vyetu huharakisha uzee huo. Mhandisi mzuri huona kwenye grafu jambo ambalo fundi ataliona kwa macho miezi baadaye. Hapa masomo ya shahada ya jinsi injini inavyofanya kazi yanatumika kila siku, na hapa mwenye leseni asiye na hesabu hizo hupwaya. Shirika lenye ndege kumi halihitaji watu wengi wa namna hii, lakini likiwakosa huwalipa washauri wa nje kwa dola.

Kuna pia hesabu za uwezo wa ndege kupaa. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya hapo ni nyepesi, bawa linapata mnyanyuo kidogo, injini inapata msukumo kidogo, na mchana wa jua kali hali huzidi. Kenya Airways ilipoanzisha safari ya moja kwa moja ya Nairobi hadi New York Oktoba 2018, mojawapo ya mambo yaliyohitaji hesabu ya makini ni hilo: mafuta ya saa 15 ni mazito, kwa hiyo kila abiria na kila tani ya mizigo inapimwa dhidi ya joto la uwanja na urefu wa njia ya kurukia. Ndege hiyohiyo ikipaa kutoka Mombasa, usawa wa bahari, ingekuwa na hesabu tofauti. Anayefanya kazi hiyo huitwa mhandisi wa utendaji wa ndege, na abiria hana habari naye.

Kumbukumbu nazo zina wataalamu wake. Ndege nyingi za mashirika yetu ni za kukodi. Hata zile za Air Tanzania zimekuwa zikimilikiwa na Wakala wa Ndege za Serikali na kukodishwa kwa shirika. Siku ndege ya kukodi inaporudishwa kwa mwenyewe, kila kipuri chenye ukomo wa maisha lazima kiwe na karatasi zake tangu kilipotoka kiwandani. Diski ya injini isiyo na historia kamili, hata kama inang'aa na haina ufa, haina thamani, kwa kuwa hakuna awezaye kuthibitisha imezunguka mara ngapi. Migogoro ya fedha nyingi huzuka juu ya karatasi moja iliyopotea. Ukiongeza wakaguzi wa mamlaka za anga na wachunguzi wa ajali, ambao kazi yao inaongozwa na Kiambatisho cha 13 cha mkataba uleule, utaona kwamba ajira za shahada zipo. Ni chache, hazitangazwi sana, na karibu zote zinataka mtu aliyewahi kusimama hangani.

Hapo ndipo mhitimu wa shahada tupu hukwama. Miaka minne ya hesabu, wiki chache za mafunzo kwa vitendo, kisha anaomba kazi ya kusimamia matengenezo ambayo hajawahi kuyaona yakifanyika. Karakana nazo ni chache. Shirika la East African Airways lilipovunjika 1977, karakana yake kubwa ilikuwa Embakasi, na Kenya ikabaki nayo. Tanzania na Uganda zilianza upya. Hata leo nafasi za kujifunzia zimejikusanya sehemu chache: Embakasi, Uwanja wa Wilson ambako makampuni ya ndege ndogo yamepangana, KIMAFA pale Uwanja wa Kilimanjaro (KIA) ambako Air Tanzania ina karakana yake, Entebbe, Arusha kwenye ndege ndogo za watalii aina ya Caravan. Mwanafunzi mwerevu huanza kubisha hodi kwenye karakana hizo akiwa mwaka wa kwanza, na asione haya kufagia sakafu. Pale Wilson mtu anaweza kujifunza mengi ndani ya miezi mitatu kuliko ndani ya shirika kubwa ambalo mgeni haruhusiwi kugusa chochote.

Ndege zisizo na rubani zimefungua upande mwingine. Rwanda iliingia mkataba na kampuni ya Zipline, na tangu Oktoba 2016 damu inapelekwa hospitali za vijijini kwa ndege ndogo zinazorushwa kutoka Muhanga. Mwaka huohuo Zanzibar ilianza kupiga picha Unguja na Pemba nzima kwa droni ili kupata ramani mpya. Huku mtu anaweza kubuni, kuunda, kurusha, kuvunja na kuunda tena kwa gharama ambayo chuo, au hata kundi la marafiki, linaimudu. Kwa mwanafunzi wa uhandisi wa ndege aliye Dodoma au Eldoret, droni ndiyo ndege pekee ambayo anaweza kuibuni mwenyewe leo na kuiona ikiruka kesho kutwa, ilimradi apate kibali.

Anga za juu nazo zina historia ndefu zaidi kwetu kuliko wengi wanavyodhani. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri nchini Kenya, setilaiti ya kwanza duniani iliyotengwa kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikapewa jina la Uhuru. Setilaiti ilikuwa ya Wamarekani, warushaji walikuwa Waitaliano, bahari ilikuwa yetu. Zaidi ya miaka 52 baadaye, Aprili 2023, Kenya ilirusha Taifa-1, iliyoundwa na wahandisi wa Kenya wakishirikiana na kampuni ya Bulgaria, ila safari hii roketi ilipaa kutoka California. Rwanda na Uganda nazo zimerusha setilaiti ndogo, ya Uganda ikijengwa Japani na vijana wa Uganda waliokuwa wakisoma huko. Ni mafanikio ya kweli. Lakini ukihesabu viti vya kazi vilivyotokana nayo hadi sasa, havilingani na idadi ya wahitimu wa mwaka mmoja, na mtu asichague shahada kwa kutazama kichwa cha habari.

Kwa hiyo mshindani mkubwa wa shahada ya uhandisi wa ndege ni shahada ya uhandisi wa mitambo, ile ya kawaida inayotolewa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Nairobi, Jomo Kenyatta na Makerere. Mwenye shahada hiyo anaweza kwenda kiwanda cha saruji, bomba la mafuta, mtambo wa umeme wa Olkaria, reli, au shirika la ndege. Viwanda vya ndege vyenyewe huajiri wahandisi wa mitambo na wa umeme kwa wingi. Akitaka kubuni ndege, anasoma shahada ya uzamili kwa mwaka mmoja au miwili: Cranfield ya Uingereza, iliyoanza 1946 kama chuo cha uhandisi wa ndege, Delft ya Uholanzi, au ISAE-SUPAERO ya Toulouse, na ufadhili wa Jumuiya ya Madola, wa Ufaransa na wa Umoja wa Ulaya humfikia mwenye shahada ya kwanza kwa urahisi kuliko aliyetoka kidato cha sita. Suala la usajili halimsumbui pia. Bodi ya Usajili wa Wahandisi ya Tanzania humsajili kama mhandisi mhitimu na kumweka kwenye uanagenzi wa miaka mitatu; Bodi ya Wahandisi ya Kenya hutazama kama programu ya chuo chake inatambuliwa. Programu za mitambo za vyuo vikongwe zimeshapita huko. Programu mpya yenye jina la kuvutia pengine bado iko foleni.

Wanaokwenda ng'ambo kwa shahada ya kwanza wanahitaji tahadhari zaidi. Vyuo vya Beihang na Nanjing vya China vina heshima kubwa katika uhandisi wa ndege, na serikali ya China hutoa ufadhili. Moscow ina chuo maarufu cha anga. Uturuki inafadhili wengi. Huko elimu ni nzuri, lakini mwanafunzi wa kigeni aghalabu hakaribishwi kwenye viwanda vya ndege vya nchi hizo, hasa vinavyohusiana na jeshi, na shahada hairudi na leseni. India ina njia mbili zinazochanganywa na mawakala: shahada ya uhandisi wa ndege, na kozi ya fundi wa matengenezo inayoelekea leseni ya nchi hiyo. Wakala akisema "ni kitu kilekile", ondoka ofisini kwake. Na leseni ya nchi moja haitumiki nchi nyingine moja kwa moja. Mamlaka ya nyumbani huipitia, hudai mitihani ya sheria zake, na wakati mwingine zaidi ya hapo.

Hukumu yangu basi ni hii. Anayetaka kufanya kazi na ndege, abaki Afrika Mashariki au aende Ghuba, na aanze kupata riziki mapema, achukue diploma ya matengenezo kwenye chuo chenye idhini ya mamlaka ya anga, apate leseni, kisha asome shahada akiwa kazini. Mtu huyo, mwenye leseni na shahada pamoja, ndiye atakayeongoza idara ya ufundi ya shirika. Anayetaka kubuni, na ana alama za juu za hisabati na fizikia, asome mitambo au umeme nyumbani kwenye programu inayotambuliwa, aunde droni kila likizo, halafu aombe uzamili nje. Shahada ya kwanza ya uhandisi wa ndege yenyewe nampendekezea yule ambaye chuo chake kinaweza kumwonyesha, kwa maandishi, idhini ya mamlaka ya anga, hanga ambalo atafanyia mafunzo na mahali walipo wahitimu wa miaka mitatu iliyopita. Kabla ya kulipa ada, nenda ukaombe karatasi hizo tatu. Chuo kikisita kuzitoa, peleka fedha zako kwingine.